Gurudumu la kushoto: watoto watatu, trela la kambi na barabara ya Lubumbashi hadi Livingstone

Familia ya watu watano wa Bel-Air, Lubumbashi, baba, mama na watoto wa miaka 6, miaka 3 na miezi 14, iliondoka mwezi wa Julai kwenda Livingstone, Zambia, kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Gari lilikuwa Toyota Prado la dizeli lenye usukani wa kushoto. Nyuma yake walifunga trela la kambi la ekseli moja, lililonunuliwa mkononi kutoka Afrika Kusini: hema linafunguka juu, jiko linavutwa ubavuni, tangi la maji la lita 80 limekaa chini ya sakafu. Njia nzima ni kama kilomita 1,050. Mpango ulikuwa kulala Lusaka usiku wa kwanza. Hawakufika. Saa 11 na robo jioni, kati ya Ndola na Kapiri Mposhi, harufu ya grisi iliyoungua iliingia ndani ya gari, na mama alipogeuka kutazama nyuma aliona moshi ukitoka kwenye gurudumu la kushoto la trela.

Hakuna aliyeumia. Walipoteza siku moja na nusu, beringi mbili na kitovu kimoja cha gurudumu. Tunakichambua kisa hiki kwa kuwa hitilafu yenyewe haikuzaliwa barabarani. Ilizaliwa uani Bel-Air siku tatu kabla ya safari, kisha ikapata nafasi ya kukomaa kwa sababu watoto walilala na wazazi wakaona heri wasisimame. Mwili wa mtoto mdogo una saa yake ya kudai kusimama. Trela nalo lina yake. Saa hizo mbili zinakaribiana sana, na anayezifuata pamoja hupata onyo mapema, gurudumu likiwa bado lina joto tu.

Mzigo ulivyopangwa

Trela tupu lina kilo 720. Bamba la kiwandani linaruhusu kilo 1,300 pamoja na kila kilichomo. Lilipowekwa baadaye kwenye mizani ya magari lilikuwa na kilo 1,340. Kilo 40 za ziada ni kosa, lakini kilichodhuru zaidi ni mahali mzigo ulipokaa.

Watoto wadogo wana vitu vingi vinavyojaza nafasi bila kuwa na uzito: nepi, mablanketi, nguo za kubadilisha, beseni la kuogea, vitu vya kuchezea. Mama alivitaka vyote karibu, navyo vikajaza sanduku la mbele la trela, lile linalokaa juu ya mkono wa kuvutia. Vizito vikakosa pa kwenda isipokuwa nyuma. Gurudumu la akiba la kilo 28 likafungwa kwenye mlango wa nyuma. Madumu mawili ya mazutu, yaani dizeli, kilo 40 kwa jumla, yakafungwa kando yake. Tangi likajazwa hadi juu, kilo 80, nalo liko nyuma ya ekseli.

Trela la ekseli moja ni bembea. Ekseli ndiyo nguzo ya katikati, na kila kilo iliyo nyuma yake inanyanyua pua, yaani ile sehemu inayokaa juu ya tufe la kuungia nyuma ya gari. Hesabu yake haihitaji elimu kubwa. Zidisha uzito wa kitu kwa umbali wake kutoka ekseli, kisha gawanya kwa umbali wa ekseli hadi tufe. Hapa umbali huo ni mita 2.4. Maji: 80 mara 0.9 ni 72. Gurudumu la akiba: 28 mara 1.5 ni 42. Mazutu: 40 mara 1.5 ni 60. Jumla 174, gawanya kwa 2.4, unapata kilo 72 na nusu. Mzigo wa kilo 148 uliowekwa nyuma ulinyang'anya pua kilo 72. Kilichobaki puani kilikuwa kilo 38, yaani chini ya asilimia 3 ya uzito wote, wakati trela la namna hii linataka kati ya asilimia 7 na 10.

Pua nyepesi haionekani ukiwa mjini. Kwa kilomita 50 kwa saa trela linafuata kama mbuzi mpole. Kuanzia 90 na kuendelea, upepo wa lori kubwa au mteremko kidogo unatosha kulifanya lichezeshe mkia, kushoto kulia, na kila mchezo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Trela lenye pua iliyoelekea juu huzidisha tatizo, kwa hiyo likishaungwa na gari kwenye uwanja sawa, sakafu yake inapaswa kuwa usawa wa maji au pua iiname kidogo tu.

Kupima pua hakuhitaji mashine. Weka trela pahali pa sawa, vitu vyote vikiwa ndani kama siku ya safari, zuia magurudumu kwa mawe. Mizani ya kujipimia nyumbani na kipande cha mbao kilichosimama chini ya kichwa cha kuungia vinatosha ikiwa uzito hauzidi uwezo wa mizani. Ukihofia kuiharibu, chukua ubao imara wenye sentimita 90 kati ya ncha zake mbili za kuegemea: ncha moja ikae juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, na pua ishuke juu ya ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itasoma theluthi moja. Zidisha mara tatu. Ni kazi ya dakika kumi.

Beringi iliyoongezwa grisi

Trela lilipelekwa kwa fundi kabla ya safari, na jambo hilo lilikuwa jema. Fundi alifungua kifuniko cha kitovu, akasukumia grisi mpya juu ya ile ya zamani, akakaza nati "vizuri", akafunga. Dakika kumi na tano kwa magurudumu yote mawili. Hapo pana makosa matatu, na tunayaeleza polepole kwa sababu tunayaona kila mwaka ifikapo likizo.

Kwanza, grisi ya zamani haikuoshwa. Gurudumu la trela lina beringi mbili za roli za pembe (mafundi wetu wanasema roulement), kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje. Vumbi na maji huingia kwa nyuma, kwenye ile kubwa, na huwezi kuiona bila kutoa kitovu chote. Isitoshe, grisi zina asili tofauti. Nyingine zikichanganyika hulainika kama mafuta ya kula na kuvuja zikipata joto.

Pili, sili ya nyuma haikubadilishwa. Sili ni pete ya mpira ya bei ndogo sana, na ikishatolewa hairudishwi, huwekwa mpya. Hii haikutolewa kabisa, ikabaki na ufa wake.

Tatu, nati ilikazwa kama nati ya gurudumu. Hili ndilo lililoua beringi. Roli za pembe zinahitaji upenyo mdogo mno wa kupumua. Zikibanwa, zinajisugua, joto linapanda, grisi inageuka uji na kutoka kupitia sili mbovu, kisha chuma kinakutana na chuma.

Kazi inavyopaswa kwenda ni hivi. Toa kitovu, osha beringi kwa mafuta ya taa hadi zing'ae, kausha kwa kitambaa bila kuzizungusha kwa upepo wa kompresa. Tazama kila roli kwenye mwanga: ukiona rangi ya samawati, vishimo au mikwaruzo, tupa beringi pamoja na kikombe chake, yaani pete ya nje inamokaa, usibadilishe kimoja. Chukua grisi ya lithiamu namba 2 ya mizigo mizito, weka bonge kiganjani, kandamiza upande mpana wa beringi juu yake mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya roli, zungusha, rudia pande zote. Weka sili mpya. Rudisha kitovu, kaza nati huku mkono mwingine ukizungusha gurudumu ili beringi zikae, kisha ilegeze kabisa, halafu ikaze tena kwa vidole tu, bila spana. Rudi kidogo hadi tundu la karibu la spilipini, ile pini inayozuia nati isijizungushe, weka spilipini mpya. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: lisichezecheze kwa kuonekana, ila lizunguke bila kukwaruza. Kwa mtu anayejua, gurudumu moja huchukua dakika 40. Fundi akikurudishia trela baada ya robo saa, muulize alifanya nini.

Andika namba zilizochongwa kwenye ubavu wa kila beringi na za sili. Nunua seti moja kamili ya akiba, beringi mbili, sili, spilipini, na uifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kopo dogo la grisi. Familia hii ilikuwa na gurudumu la akiba, pampu, kamba na taa mbili, ila mfuko huo haikuwa nao.

Matairi yalikuwa yamekaguliwa kwa macho, nayo yalionekana mapya kwa sababu trela hutembea kidogo. Tairi la trela huzeeka kabla ya kwisha. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1416 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2016. Lililopita miaka sita au saba lisibebe familia. Haya yalikuwa sawa.

Siku ya kwanza

Waliondoka saa 12 asubuhi. Kasumbalesa, kama kilomita 95, walifika kabla ya saa 2. Mpakani walikaa zaidi ya saa tano. Foleni ya malori ya shaba inajulikana, lakini gari dogo halisubiri nyuma ya malori yote. Kilichowachelewesha ni trela. Walikuwa na karatasi kamili za gari, wakasahau kwamba trela ni chombo cha pili: lina namba yake, kitabu chake, bima yake, na linaandikishwa upande wake kwenye karatasi ya kuingiza chombo kwa muda Zambia. Upande wa Kongo nako liandikishwe kwa watu wa forodha, DGDA, wakati wa kutoka, ili siku ya kurudi lisihesabiwe kuwa ni mali inayoingizwa mpya. Bima ya kadi ya manjano ya COMESA ikatwe Lubumbashi, na uhakikishe trela limetajwa ndani yake. Watoto nao walihitaji hati zao za kuzaliwa na kadi za chanjo ya homa ya manjano, maana Zambia huzidai kwa anayetoka Kongo kuanzia umri wa mwaka mmoja, na yule wa miezi 14 alikuwa ameshapita hapo. Kadi yake ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mbele, chini ya nepi.

Saa 7 na nusu mchana ndipo walipotoka. Chingola walikula na kunywesha gari, wakaondoka saa 9. Kuanzia hapo watoto wote watatu wakalala, na wazazi wakaamua kufidia muda. Barabara ya Chingola, Kitwe na Ndola ni pana, njia mbili kila upande, inavutia mguu. Walipita Kitwe bila kusimama, wakapita Ndola bila kusimama, na baada ya Ndola, barabara ilipokuwa nyembamba tena, mshale ulikuwa kwenye 105.

Kwenye mteremko basi kubwa liliwapita. Trela likaanza kucheza. Baba akakanyaga breki, na hilo ndilo jambo la kutofanya: gari linapunguza mwendo, trela linazidi kusukuma kutoka nyuma, na mchezo unaongezeka. La kufanya ni kuinua mguu kwenye mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka bila kulifuata trela, na kuacha mwendo ushuke wenyewe. Ikiwa trela lina breki za umeme zenye kitasa cha mkono kwenye gari, kivute hicho taratibu. Halafu simama ujue sababu. Walinusurika kwa kuwa mteremko uliisha. Hawakusimama, kwa sababu mtoto mdogo alikuwa bado amelala.

Hesabu ya muda inaonyesha kila kitu. Kutoka Chingola hadi palipotoka moshi ni kama kilomita 165, zaidi ya saa mbili bila mtu kugusa ardhi. Mtoto wa miezi 14 anapaswa kutolewa kwenye kiti chake kila baada ya saa moja na nusu, mbili zikizidi sana, anyooshwe mgongo na abadilishwe nepi. Wangesimama mara moja tu, tuseme baada ya Kitwe, na mmoja akazunguka trela, angekuta kitovu cha kushoto hakishikiki. Grisi ingekuwa imeanza kutoka kwenye kifuniko, lakini beringi ingekuwa bado nzima. Kulegeza nati kidogo kungetosha kufika Lusaka polepole.

Mzunguko wenyewe ni wa dakika nne, na haudai kumwamsha mtoto: mzazi mmoja anabaki ndani, mwingine anashuka. Gusa vitovu vyote viwili kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kikiwa na joto kama kikombe cha chai kinachoshikika, sawa. Kikikufanya uondoe mkono kabla ya kuhesabu hadi tatu, kuna ugonjwa. Linganisha kushoto na kulia, kwani tofauti kubwa kati yao ni dalili hata kama vyote vinashikika. Kuna vifaa vidogo vya kupima joto bila kugusa. Kile cha kupima homa kwenye paji la uso hakifai, kinaishia nyuzi 42 na ushei. Tafuta kile cha mafundi umeme. Kisha angalia tairi, pini ya kufunga kichwa cha kuungia, minyororo miwili iliyopishana chini ya pua, na plagi ya taa. Taa zote zikififia unapowasha indiketa, tatizo ni waya mweupe wa kurudisha umeme, ule wa tundu la 3. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 za mwanzo. Bolti za milimita 12 huchukua nyutoni-mita 90 hadi 110.

Giza

Mwezi wa Julai jua huzama huko kabla ya saa 12 jioni. Walikuwa na nusu saa ya mwanga.

Hapa walifanya mambo vizuri na tunayasema kwa heshima. Mama alitoa watoto kwa milango ya kushoto, akawapeleka hatua ishirini ndani ya majani, mbali na lami, akawafunika. Baba aliweka pembetatu mbili, moja karibu na nyingine mbali zaidi nyuma. Hakuna aliyemwagia kitovu maji. Chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji hupasuka, na mvuke unaunguza. Walisubiri kipoe. Bahati nyingine: Zambia huendeshwa kushoto, kwa hiyo gurudumu bovu lilikuwa upande wa majani na hakuna aliyehitaji kulala barabarani kulitazama.

Hawakugawana. Wazo la baba kwenda Kapiri na gari, mama abaki na trela na watoto, lilikataliwa na mama, naye alikuwa na haki. Walitambaa kilomita mbili, mwendo wa mtu anayetembea, taa za hatari zikiwaka, hadi kwenye kijiji chenye duka kando ya barabara. Kibemba wanachokisema Lubumbashi kiliwafungulia uwanja wa kulala.

Usiku ukawa baridi. Mwenye duka aliwaletea mbabula, jiko la makaa, yenye makala yaliyowaka vizuri, yasiyo na moshi, waiweke hemani watoto wapate joto. Mama alishukuru, akaiacha nje. Tunamuunga mkono kwa nguvu zote. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya: hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na ndani ya hema lililofungwa huua familia ikiwa usingizini. Chemsha maji juu ya mbabula nje, yajaze kwenye chupa imara, funga chupa ndani ya soksi, weka miguuni mwa mtoto mkubwa. Mdogo avae nguo mbili, kofia, alale kati ya wazazi bila blanketi zito usoni.

Kapiri Mposhi

Fundi alifika asubuhi na beringi, lakini pete ya ndani ilikuwa imeungana na ncha ya ekseli. Aliikata kwa grainda, akisimama kila mara kabla jiwe halijagusa ekseli, akamalizia kwa patasi. Pete ilipopasuka, chini yake ncha ilikuwa ya samawati lakini haikuchimbika. Akaisugua kwa msasa mwembamba wenye mafuta. Kama ingechimbika, ekseli nzima ingetakiwa kubadilishwa, na safari ingeishia pale. Kitovu kilipatikana cha kutumika Kapiri, na gurudumu la kulia likafunguliwa pia. Beringi zake zilikuwa nzima, nati imebanwa vilevile. Tofauti ya kushoto na kulia ilitokana na jiko: friji, betri na mtungi wa gesi vyote vilikaa upande wa kushoto.

Kwa mnunuzi wa mahindi pale Kapiri kulikuwa na mizani ya magunia. Pua ya trela ilishushwa juu yake: kilo 38. Wakaanza kuhamisha. Madumu yalimiminwa ndani ya tangi la gari, yakabaki matupu, kwani mazutu yapo kila mji kuanzia hapo hadi Livingstone. Gurudumu la akiba likahamia juu ya mkono wa kuvutia, mita 1.2 mbele ya ekseli. Maji yakapunguzwa hadi lita 20, yajazwe tena karibu na kambi. Betri ikahamia kulia. Nepi na mablanketi yakarudi nyuma, yanakostahili. Mizani ikasoma kilo 117, na trela lote likawa na kilo 1,240. Ni asilimia 9 na nusu hivi, na chini ya kikomo cha bamba.

Kilichobadilika baadaye

Safari iliyobaki iligawanywa vipande vya saa moja na nusu, mwendo usiozidi 80. Kapiri hadi Kabwe, mchezo na uji. Kabwe hadi Lusaka kwa vipande viwili, kisha kulala. Siku iliyofuata Lusaka, Mazabuka, Monze, hadi Choma, kulala tena. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kama kilomita 475, na mtu mzima peke yake angezimaliza kwa siku. Kwa watoto hawa siku mbili ndizo zilizofaa. Kwenye vilima vya Munali, baada ya Kafue, walishuka kwa gia ndogo tangu juu, wakigusa breki kwa vipindi badala ya kuiegemea. Trela lilifuata limenyooka. Vitovu vilishikika kila waliposimama.

Chakula cha njiani kiwe kikavu na chepesi. Mtoto wa miaka 6 alikuwa akitapika kwenye gari; aliwekwa kiti cha katikati aone barabara mbele, akanyimwa simu na vitabu, akapewa mkate, ndizi na maji kidogo kidogo. Bukari, yaani ugali, na samaki wa mafuta vingojee jioni. Njugu nzima asipewe mtoto mdogo ndani ya gari linalotembea, akipaliwa hutamwona kwa wakati. Yule wa miaka 3 alipoharisha Choma, walikuwa na pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, naye kwa umri wake hupewa mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko; aliye chini ya miaka miwili hupewa 50 hadi 100. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Damu kwenye choo, macho yaliyozama au mtoto asiyetaka kunywa ni safari ya hospitali, si ya kambi.

Jambo moja linasahaulika na kila anayevuka Kasumbalesa. Kongo tunaendesha kulia, Zambia kushoto, na pande za hatari zinabadilishana. Kiti cha mtoto mchanga, kinachotazama nyuma, kilikuwa nyuma ya kiti cha mama, kulia. Lubumbashi hapo ni upande wa majani. Zambia ni upande wa malori. Kwa hiyo Zambia mtoto huyo hutolewa kwa mlango wa kushoto, hata kama ni usumbufu wa kupitisha mikono juu ya wenzake. Trela la Afrika Kusini lenyewe lina jiko na kivuli upande wa kushoto, salama huko, ila ukisimama njiani upande wa Kongo linafunguka juu ya lami. Taa za mbele za gari la usukani wa kushoto hurusha mwanga juu upande wa kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja Zambia. Kipande cha utepe mweusi kwenye kioo cha taa hukata mshale huo. Na kupita lori ukiwa na usukani wa kushoto na trela nyuma ni kubahatisha, kwani dereva haoni mbele mpaka nusu ya gari iwe imetoka. Familia hii iliacha kupita kabisa, isipokuwa kwenye barabara pana.

Siku ya kurudi, walipotoka Kasumbalesa upande wa Kongo, baba alifunga jiko la trela kwa kufuli na kuubandika mlango wake utepe mwekundu, lisifunguliwe hadi uani. Namba za beringi zimeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha sanduku la mbele, na mfuko wa akiba umening'inizwa chini yake, juu ya nepi.